Habari za Kiti na Kura katika Nchi ya Ufipa

Kila mwaka wa tano, mwezi wa Oktoba ukielekea kwisha, watu wa Ufipa hungoja mambo mawili pamoja: kura na mvua. Nchi yetu ni nchi ya juu, iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, na mvua za kwanza hushuka juu yake mwezi wa Novemba. Mkulima aliyekwisha kutengeneza shamba hufurahi, asiyetengeneza hujuta. Kura hutangulia mvua kwa siku chache tu. Basi kijiji kikigombana kwa ajili ya kura, hugombana wakati ule ule ambao watu wanahitajiana zaidi kuliko wakati wowote wa mwaka.

Katika makala hii twapenda kueleza ugomvi wa namna hii ulikotoka na jinsi ulivyokuwa, tangu siku za wazee hata siku zetu. Hatukusudii kusifu chama kimoja wala kulaumu kingine. Sisi ni walimu, na watoto wa vyama vyote huketi mbele yetu katika dawati moja.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Kura, asili yake, si hesabu ya watu, ni bahati. Watu wa kale walipogawana shamba au urithi na wasiweze kupatana, walipiga kura, na yule aliyekosa hakuwa na mtu wa kumlaumu, kwa maana bahati haina chuki na mtu. Siku hizi twatumia neno lile lile kwa jambo lililo mbali nalo sana. Anayeshindwa katika kura ya leo ajua kwamba hakushindwa na bahati, ila na watu. Na watu hao si wageni, ni jirani zake, ni wakwe zake, ni wale aliokula nao ugali wa ulezi juzi. Ndiyo maana kura, iliyotengenezwa ili kumaliza ugomvi, mara nyingine huwa mlango wa ugomvi mpya.

Wafipa hawakungoja wazungu wawafundishe kwamba kiti ni kitu cha kugombewa. Hadithi yao iliyo kubwa kupita zote ni hadithi ya kiti. Husimuliwa kwa namna mbalimbali, lakini kiini chake ni hiki. Hapo kale mtawala wa nchi alikaa Milansi, mji ambao wazee huuita mji wa milele. Siku moja mtawala huyo alikwenda kuwinda, akamwachia mkewe kiti chake, akamwonya asimruhusu mgeni yeyote kukikalia. Alipokuwa mbali wakaja wanawake watatu, wageni, waliotoka safari ndefu. Mke wa mtawala alipowaona aliingiwa na hofu, akaondoka katika kiti, na mkubwa wa wale wanawake akakikalia.

Mtawala aliporudi aliona mambo yamekwisha kuharibika. Angaliweza kuchukua mkuki, kwani alikuwa mwindaji na mikuki alikuwa nayo. Lakini hadithi haisemi kwamba alipigana. Yasema kwamba walizungumza, wakapatana. Wageni, ambao ndio mama wa ukoo wa Watwa, walipata utawala wa nchi. Na mwenyeji alibaki na Milansi, pamoja na heshima yake katika mambo ya mila. Tangu hapo Ufipa ilikuwa na watu wawili wakubwa: mmoja mwenye nguvu ya kuamuru, na mmoja mwenye heshima ya asili, na yule wa kwanza hakuthubutu kumdharau wa pili.

Tumeisimulia hadithi hii kwa sababu twaona kwamba ndani yake mna hekima ambayo vyama vyetu vimeisahau. Aliyenyang'anywa kiti hakunyang'anywa kila kitu. Aliachiwa mji, aliachiwa jina, aliachiwa kazi ya kufanya. Kwa hiyo hakuwa na haja ya kuchoma nchi ili apate kuishi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone; na hapa mwenyeji alipona kweli.

Lakini tusiwasifu wazee kupita kiasi. Watwa wenyewe baadaye walishindwa kufuata mfano huo. Wana wa ukoo mmoja waligombea utawala, damu ikamwagika, na nchi ikagawanyika kuwa falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Hata hivyo, kila upande ulipokwisha kukaa mahali pake, amani ilirudi. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita katika nchi hii mwaka 1880, alikuta watu wenye kupenda kulima kuliko kupigana. Naye Roy Willis, mtaalamu wa mila aliyekaa Ufipa katika miaka ya 1960, aliandika kwamba mkuu wa kijiji hakuletwa na mfalme tu, bali wanakijiji wenyewe ndio waliomchagua. Basi kuchagua kiongozi si jambo geni kwetu.

Serikali za wageni zilikuja na kubadili mambo hayo. Wadachi waliweka boma lao Kasanga, wakaliita Bismarckburg. Waingereza wakaliteka katika vita mwaka 1916, na baadaye makao ya wilaya yakawa Sumbawanga. Watawala wa kienyeji walibaki, lakini mtawala aliyetaka kudumu ilimpasa kumpendeza Bwana Shauri kwanza, ndipo awapendeze watu. Hivyo kwa miaka mingi watu wetu hawakuzoea kushindana kwa maneno na kushindwa kwa amani, kwa sababu neno la mwisho lilitoka bomani.

Kura ya nchi nzima ilifika Tanganyika mwaka 1958 na 1959, nayo ilikuja na masharti. Mpiga kura ilimpasa kuwa na mapato ya paundi 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au kazi fulani ya cheo. Tena kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ugomvi wa kwanza haukuwa kati ya wapiga kura, ila ndani ya chama cha TANU chenyewe: je, tuikubali kura ya namna hii au tuikatae? Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Julius Nyerere aliwashawishi wenzake wakubali. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka na kuunda chama chake, African National Congress. Wawili hao walikutana tena mwaka 1962 katika uchaguzi wa Rais: Nyerere akapata kura zaidi ya milioni moja, Mtemvu akapata zipatazo elfu 21. Tofauti ilikuwa kubwa mno, hata pasiwe na nafasi ya ugomvi.

Ng'ambo ya bahari mambo yalikuwa mengine. Zanzibar ilifanya uchaguzi Januari 1961, na vyama vikapata viti karibu sawa: Afro-Shirazi viti 10, chama cha Hizbu 9, na chama cha watu wa Unguja na Pemba 3. Kiti kimoja, cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja tu. Serikali haikuweza kuundwa, uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni, na siku ya kura fujo zikaanza. Watu 68 wakafa na mamia wakajeruhiwa. Lakini fujo ile haikuanza siku ile. Tangu uchaguzi wa 1957 watu walikuwa wamekwisha kuanza kugomeana: wa chama hiki hawanunui katika duka la wa chama kile, mwenye shamba anawafukuza wakulima waliopiga kura upande mwingine, hata maziko watu wakaacha kuzikana. Twawaomba wasomaji wayashike maneno haya. Panga lilitoka alani Juni 1961, lakini duka na kaburi vilikuwa vimekwisha kugawanywa miaka minne kabla yake.

Tanganyika ilichagua njia nyingine. Mwaka 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza chini ya chama kimoja, na TANU ilisimamisha watu wawili katika majimbo karibu yote. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba, ili asiyejua kusoma naye apate kuchagua. Sheria zake zafaa kukumbukwa. Wagombea wote wawili walisafiri pamoja na kusema katika mkutano mmoja, mbele ya watu wale wale. Ilikatazwa kutaja kabila, dini au rangi ili kupata kura, na hotuba zote zilikuwa kwa Kiswahili. Wakubwa hawakuogopwa: Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa. Alama zenyewe zilileta mzaha mwingi. Mwenye jembe aliwauliza watu watakula nini bila jembe, na mwenye nyumba akawauliza watalala wapi.

Utaratibu ule ulikuwa na ubaya wake, nao ni mkubwa: aliyetaka kuipinga TANU yenyewe hakuwa na mahali pa kuweka kura yake. Amani inayopatikana kwa kumfunga mtu mdomo haijapimwa bado. Mwaka 1991 tume ya Jaji Francis Nyalali iliwauliza wananchi, na wanne kwa kila watano au karibu hivyo walijibu kwamba watosheka na chama kimoja. Hata hivyo tume ilishauri vyama vingi viruhusiwe, kwa kuwaheshimu wale wachache, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya hapo ulikuwa wa 1995.

Sasa twafika katika siku tulizoziona kwa macho yetu. Mwaka 2010, tulipokuwa bado vijana wa shule, Sumbawanga Mjini ilipigania kiti chake kwa nguvu ambayo wazee walisema hawajaiona. Aeshi Hilaly wa CCM alitangazwa kuwa mshindi juu ya Norbert Yamsebo wa Chadema. Shauri likaenda mahakamani. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilitengua ushindi ule. Kisha Mahakama ya Rufani ikamrudishia mbunge kiti chake. Kwa muda huo wote watu wa mjini walikaa na jeraha lililo wazi. Lakini na tuseme kweli: jeraha lilipelekwa kwa hakimu, halikupelekwa kwa panga. Hiyo ni sifa kwa pande zote mbili.

Vijijini hakuna hakimu wa chuki ndogo ndogo. Katika kijiji kimoja tukijuacho, walikuwako majirani wawili. Mmoja alikuwa na maksai wawili, mwingine alikuwa na plau. Kwa miaka mingi walilima pamoja, leo shamba la huyu, kesho shamba la yule. Mwaka ule mmoja alifunga bendera ya kijani juu ya paa, mwingine akavaa fulana ya chama cha upinzani. Yalipotoka matokeo, mmoja alicheka na mwingine akatukana, wakaacha kusalimiana. Mvua ikanyesha. Mwenye maksai hakuwa na plau. Mwenye plau hakuwa na maksai. Kila mmoja akachukua jembe la mkono, akalima alivyoweza kama mtu anayejiadhibu, huku maksai wakinenepa bure na plau likishika kutu. Mavuno ya mwaka ule katika nyumba zote mbili yalikuwa haba, na watoto wao, tuliosoma nao, walikuja shuleni na njaa. Wabunge waliogombewa hawakujua lolote juu ya habari hiyo.

Waliowapatanisha ni wake zao, ambao hawakuacha hata siku moja kwenda kuni pamoja. Msimu uliofuata, alfajiri moja, wanawake wale wawili waliliburuta plau mpaka uwanjani kwa mwenye maksai, wakaliacha pale, wakaenda zao mtoni. Wanaume walipoamka walilikuta. Hakuna aliyeuliza nani amelileta. Wakafunga maksai, wakaenda shambani. Wahenga wasema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Lakini wale ndugu walichukua majembe wao wenyewe, wakaona uchungu wake.

Mwaka 2020 nchi yetu ilipata jambo la ajabu. Katika uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba, CCM ilitangazwa kushinda karibu majimbo yote ya Muungano, na vyama vya upinzani vililalamika sana. Chadema ilipata kiti kimoja tu cha jimbo katika Tanzania nzima, na kiti hicho kilikuwa huku kwetu Ufipa, katika Nkasi Kaskazini, nchi ya Nkansi ya kale. Aida Khenani alimshinda Ally Keissy, aliyekuwa mbunge tangu 2010. Mshindi alipata kura zaidi ya elfu 21, na mshindwa alipata karibu elfu 20. Wazee walicheka wakasema kwamba si mara ya kwanza Ufipa kumwona mwanamke ameketi katika kiti mwenyewe akiwa mawindoni. Sisi twaona jambo lingine: palipo na hesabu inayoaminika, tofauti ya kura chache yatosha, na watu hulala usingizi.

Lakini uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 haukutuachia usingizi huo. Chadema haikushiriki, vijana waliingia barabarani katika miji kadhaa ya nchi, na damu ya watu ikamwagika. Sisi tuliozoea kujisifu kwamba mambo ya namna hiyo ni ya jirani zetu, kama yale ya Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo walikufa watu zaidi ya 1,100 na mamia ya maelfu wakahama makwao, tumejifunza kwamba amani haina kabila wala pasipoti. Hukaa inapotunzwa, na inapoachwa huondoka.

Basi kutokana na habari hizi zote twaona mizizi mitatu ya ugomvi wa wapiga kura. Mzizi wa kwanza ni kiti kufanywa chungu cha nyumba moja, hata anayeshindwa aone kwamba yeye na watoto wake hawatapata barabara, wala mbolea ya ruzuku, wala salamu ofisini. Mtu wa namna hiyo hatashindwa kwa utulivu, kwani hakuachiwa Milansi yake. Mzizi wa pili ni kutoaminiwa kwa mhesabu. Kura ikihesabiwa kituoni mbele ya mawakala wa pande zote, wakatia sahihi na kila mmoja akapewa nakala yake, mdomo wa mgomvi hufungwa kwa karatasi. Wakala akifukuzwa, hata hesabu iliyo sawa huitwa wizi. Mzizi wa tatu ni uvumi. Mji wetu mkuu unaitwa Sumbawanga, na jina hilo husemwa kuwa maana yake ni tupa uchawi: yaani anayeingia na auache nje. Uchawi wa siku hizi ni maneno yanayopita usiku kwa simu, kwamba fulani amewauza, fulani amehongwa, fulani si mwenzetu. Huo nao ulitupasa kuutupa nje ya mji.

Mara nyingi wakubwa wakihubiri amani humhubiria aliyeshindwa. Humwambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Maneno hayo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba asiyejua kushinda naye si mshindani. Wale wageni wa Milansi walijua kushinda: walikaa katika kiti, wakamwachia mwenyeji mji wake. Amani ikidaiwa kwa mshindwa peke yake si amani, ni kodi.

Tena kuna yule mke aliyeachiwa kiti akilinde. Hadithi humtaja kwa maneno machache, kisha humsahau. Sisi twadhani kwamba yeye ndiye mpiga kura. Mabwana hugombea kiti, hutoka, huingia, huenda mawindoni; lakini aliyeambiwa akilinde ni yeye, na akiogopa akaondoka, hakuna mlinzi mwingine. Asiogope. Na akimaliza kazi yake ya siku moja, arudi nyumbani, atazame kama jirani yake ana plau, kwa maana mvua i karibu.